Canada Lee: bondia aliyefungiwa milango ya sinema

Wengi wanaojua jina la Sidney Poitier hawajasikia hata siku moja jina la Canada Lee. Lakini yeye njo alikuwa mkubwa wa Poitier kwenyi filme Cry, the Beloved Country, waliyocheza Afrika Kusini mwaka wa 1950.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 3 mwezi wa tatu 1907. Jina lake la kwao ni Leonard Canegata. Akiwa mtoto alijifunza violoni, kisha akatoroka nyumbani kwenda kupanda farasi wa mashindano. Alipozidi uzito, akaingia kwenyi ngumi. Mtangazaji mmoja wa pambano alishindwa kutamka jina lake, akamwita Canada Lee, na jina likabaki. Alikuwa bondia hodari, lakini pigo moja likamharibu jicho. Kazi ikaishia hapo.

Akitafuta kazi yoyote ile, akajikuta kwenyi teatre. Mwaka wa 1936, Orson Welles alimpa nafasi ya Banquo katika Macbeth, kule Harlem, pamoja na wachezaji weusi watupu. Mwaka wa 1941 akawa Bigger Thomas katika Native Son, na Broadway nzima ikamjua.

Wakati ule, mtu mweusi kwenyi sinema alikuwa boyi wa kuchekesha tu, wa kuitika "ndiyo bwana" kila saa. Katika Lifeboat, filme ya Hitchcock ya mwaka wa 1944, Lee alikataa maneno ya namna hiyo, akaomba yabadilishwe. Mwaka wa 1947, katika Body and Soul, alicheza bondia mwenye jeraha la kichwa, maisha aliyoyajua vizuri.

Hata nje ya teatre hakunyamaza juu ya ubaguzi. Mwaka wa 1949 jina lake likatajwa katika kesi moja ya ujasusi, kwamba yuko upande wa wakomunisti. Alikana. Hakuna mahakama iliyomhukumu, lakini redio na televisheni zikaacha kumwita.

Afrika Kusini njo ilimpa nafasi ya mwisho: Mchungaji Kumalo, mzee wa kijijini anayemtafuta mtoto wake Johannesburg. Juu ya sheria za ubaguzi, yeye na Poitier waliingizwa inchini kama watumishi wa Zoltan Korda, mtengenezaji wa filme.

Lee alikufa tarehe 9 mwezi wa tano 1952, akiwa na miaka 45. Poitier, kijana waliyecheza pamoja, alipata Oscar mwaka wa 1964.