Sandra Schmirler, Nahodha wa Mawe

Hapa utasoma habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Kanada. Jina lake ni Sandra Schmirler. Hakuwa malkia, wala hakuwa mke wa tajiri. Alikuwa mfanyakazi, na mama wa watoto wawili wadogo. Alikufa mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 36. Siku ya mazishi yake, watu wengi wa Kanada walikaa mbele ya televisheni wakalia kama waliofiwa na ndugu yao.

Kwa nini walimlilia hivyo? Ili upate jibu, ni lazima kwanza uujue mchezo aliokuwa akiucheza.

Mchezo huo unaitwa kalingi. Asili yake ni Uskoti, na Waskoti waliohamia Kanada walikwenda nao huko. Huchezwa juu ya barafu, yaani maji yaliyoganda kwa baridi yakawa magumu kama sakafu. Uwanja wake ni mwembamba. Urefu ni karibu mita 45, na upana hauzidi mita 5. Mwisho wa uwanja yamechorwa maduara, moja ndani ya jingine.

Kila timu ina watu wanne. Wanacheza kwa mawe. Jiwe moja ni la mviringo, lina mpini juu yake, na uzito wake ni karibu kilo 20. Fikiria debe lililojaa maji. Jiwe halirushwi hewani. Mchezaji huchuchumaa, hulisukuma likateleza, kisha huliachia liende lenyewe. Wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa brashi. Ukiwaona mara ya kwanza utacheka, utadhani wanafagia nyumba. Lakini wana sababu. Kusugua kunaipa barafu joto kidogo, na jiwe huenda mbali zaidi bila kupinda sana.

Jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya maduara ndilo linaloleta pointi. Unaruhusiwa pia kuligonga jiwe la wapinzani ukalitoa, kama watoto wanavyogongana gololi. Nahodha husimama kwenye maduara na kuwaonyesha wenzake jiwe liende wapi. Kwa kawaida yeye ndiye anayecheza mawe mawili ya mwisho. Wenzake wakikosea, yeye ndiye wa kurekebisha. Akikosea yeye, hakuna wa kumrekebishia.

Sandra alikuwa nahodha.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1963 katika mji mdogo wa Biggar, jimbo la Saskatchewan. Hiyo ni nchi tambarare yenye mashamba makubwa ya ngano. Wakati wa baridi kazi za shamba husimama na kila kitu huganda. Basi watu wa huko hukutana kwenye nyumba ya kalingi, wazee kwa vijana, wake kwa waume. Sandra aliujua mchezo huu tangu shuleni. Baadaye alisomea elimu ya viungo katika chuo kikuu cha Saskatchewan. Kisha akahamia mji wa Regina, akapata kazi katika kituo cha michezo chenye bwawa la kuogelea.

Mwaka 1990 aliunda timu na wanawake wengine watatu. Majina yao ni Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit. Wote walikuwa na kazi zao za kila siku. Kalingi haikuwapa mshahara. Walifanya mazoezi baada ya kazi, na baadaye baada ya kazi na kulea watoto. Wewe uliyekwenda darasani jioni baada ya kutoka shambani unajua jambo hilo bila kuelezwa.

Mwaka 1993 wakawa mabingwa wa Kanada. Mwaka huohuo wakaenda Geneva, Uswisi, wakawa mabingwa wa dunia. Mwaka 1994 wakarudia yote mawili. Halafu wakaukosa ubingwa mwaka 1995, na mwaka 1996 wakaukosa tena. Timu nyingi zikishindwa huanza kulaumiana na kufukuzana. Hawa hawakumfukuza mtu. Walibaki walewale wanne, na mwaka 1997 wakawa mabingwa wa Kanada na wa dunia kwa mara ya tatu.

Sasa lilikuja jambo kubwa zaidi. Michezo ya Olimpiki ya wakati wa baridi ilikuwa ifanyike Japani mwezi wa Februari 1998. Kwa mara ya kwanza wanawake wa kalingi wangeshindania medali rasmi. Kanada ilitaka timu moja tu, nayo ilichaguliwa kwa mashindano katika mji wa Brandon, Novemba 1997. Sandra alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Septemba. Mtoto alikuwa hajatimiza miezi mitatu. Hata hivyo Sandra alikwenda, akafika fainali.

Katika fainali hiyo alicheza jiwe ambalo wapenzi wa kalingi hawajalisahau. Wapinzani walikuwa na jiwe zuri karibu na katikati, na njia ya kulifikia moja kwa moja ilikuwa imezibwa. Sandra akalenga jiwe jingine lililokuwa pembeni. Jiwe lake likaligonga lile la pembeni, likageuza njia, likaingia ndani na kulitoa jiwe la wapinzani. Zikapatikana pointi tatu kwa mara moja. Timu yake ikashinda kwa 9 kwa 6.

Huko Japani, katika nusu fainali, Uingereza iliwabana sana. Muda wa kawaida uliisha bila mshindi, ikabidi waongeze mzunguko mmoja. Kanada ikapita kwa 6 kwa 5. Tarehe 15 Februari wakaishinda Denmark kwa 7 kwa 5, wakavishwa medali za dhahabu.

Mwaka 1999 Sandra alijifungua mtoto wa pili, msichana kama wa kwanza. Baada ya uzazi huo alipata taabu ya moyo. Alikuwa pia na maumivu ya mgongo. Madaktari walipompima waliona uvimbe nyuma ya moyo, nao ulikuwa saratani. Watu wengi huiita kansa. Alipasuliwa, akatibiwa kwa dawa kali na kwa mionzi.

Februari 2000 alionekana mbele ya watu tena. Alikwenda mji wa Moncton kutangaza mashindano ya vijana katika televisheni. Huko alizungumza na waandishi wa habari juu ya ugonjwa wake, na machozi yalimtoka. Aliwaeleza kuwa alikuwa amejiwekea mambo matatu. La kwanza lilikuwa kuitunza jamaa yake. La pili, kwenda mahali penye joto akakanyage mchanga. La tatu, kucheza kalingi tena. Angalia mahali alipouweka mchezo: wa mwisho. Na huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu!

Alikufa tarehe 2 Machi 2000. Binti yake mkubwa alikuwa na miaka miwili, na mdogo alikuwa hajafikisha mwaka mmoja.

Wakati huo mashindano ya wanaume ya ubingwa wa Kanada yalikuwa yakifanyika mjini Saskatoon, katika jimbo lake mwenyewe. Siku ya mazishi, mchezo ulicheleweshwa. Ibada ilionyeshwa katika televisheni nchi nzima, na watu waliokuwa uwanjani waliitazama palepale walipokaa.

Katika mji wa Regina, kituo kimoja cha michezo na kuogelea kimepewa jina lake. Mwaka 2001 ilianzishwa pia taasisi yenye jina lake. Fedha zinazochangwa hununua vifaa vya hospitali vya kuwatunza watoto wachanga walio mahututi na wale waliozaliwa kabla ya wakati. Wapenzi wa kalingi wamekuwa wakichanga wakati wa mashindano ya wanawake, yaleyale ambayo Sandra aliyashinda mara tatu.