Garrett Morgan na Kofia Yake ya Kuvutia Pumzi

Mabaharia hujua kuwa ngama iliyofungwa siku nyingi yaweza kumwua mtu pasipo moshi wala moto. Nimependa kuwaeleza habari za Garrett Morgan, aliyepambana na hatari ya namna hiyo.

Alizaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1877, baba yake akiwa amepata kuwa mtumwa. Shule alisoma kidogo tu, akaenda Cleveland akawa fundi wa cherehani. Mwaka 1914 serikali ilimpa hati ya kulinda kofia aliyoibuni. Ilikuwa na mirija mirefu iliyofika karibu na ardhi, kwa kuwa moshi wa moto hupanda juu. Wanunuzi wengine walimkataa kwa rangi yake, ikambidi amtume Mzungu kuiuza.

Julai 1916 njia ya maji iliyokuwa ikichimbwa chini ya Ziwa Erie ililipuka. Baadhi ya waokoaji waliotangulia waliuawa na gesi. Morgan na ndugu yake Frank walivaa kofia zile wakaingia, wakatoa watu, wengine hai na wengine maiti. Nishani kubwa walipewa wengine. Yeye alipewa na raia wa mji. Mimi naona ni aibu. Alifariki mwaka 1963.

Ngamani mirija ile isingefaa, maana gesi nzito hulala chini. Siku hizi sheria ya mataifa hutaka meli kubwa ziwe na angalau vyombo viwili vya hewa vya kubeba mgongoni, kila kimoja kitoshe dakika 30.