Tabibu Aliyeliona Ini Asiione Shaba

Samuel Alexander Kinnier Wilson alizaliwa mwaka 1878 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa Edinburgh, Uskochi, na huko akahitimu udaktari mwaka 1902. Baada ya masomo zaidi mjini Paris aliajiriwa katika hospitali ya maradhi ya mishipa ya fahamu ya Queen Square, London.

Mwaka 1912 alichapisha makala yenye kurasa zaidi ya 200 kuhusu vijana waliotetemeka viungo, wakapotewa na usemi, kisha wakafa. Maiti zilipopasuliwa, ini lilionekana limesinyaa na kujaa makovu, ingawa katika uhai wao halikutoa dalili ya wazi. Wilson alitambua kwamba maradhi haya huwapata ndugu wa tumbo moja, lakini hakuyahesabu kuwa ya kurithi. Alidhani ipo sumu fulani. Alifariki mwaka 1937 bila ya kuijua.

Sumu hiyo ni shaba, kama alivyothibitisha Cumings mwaka 1948. Shaba tuilayo katika chakula hutolewa na ini kupitia nyongo. Aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, shaba yake haitoki. Hulimbikizana katika ini, kisha ubongoni na machoni. Mwaka 1956 daktari Mwingereza, Walshe, alitangaza dawa ya penisilamini, ambayo huinasa shaba na kuitoa kwa mkojo. Baadaye ikatumika zinki, inayoizuia shaba isipenye kutoka matumboni. Ini lililokwisha kabisa hubadilishwa kwa upasuaji.

Wenye dhamana ya bohari za dawa wazingatie kwamba tiba hii ni ya maisha. Mgonjwa aliyepata nafuu akaiacha, au akaikosa, ini lake laweza kuharibika ghafla akafariki.

Nasi wa visiwani, tunaooana watoto wa ami na wa shangazi, jambo hili latuhusu. Kijana akianza kutetemeka hukimbizwa kwanza kupungwa pepo, na miezi hupita. Akishathibitika kuwa mgonjwa, hushauriwa kuepuka pweza, chaza na korosho, vyakula vyenye shaba nyingi. Ndugu zake nao hawana budi kupimwa, hata walio wazima, kwani kila mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kuwa nayo. Anayegunduliwa mapema akadumu na dawa aweza kuishi asiugue kamwe.