Mfalme Harsha alivyovunja hati ya uongo ya shamba

Huko Miti, teritware ya Kabare, kesi ya shamba inaweza kusimama hivi: mmoja anasema babu yake alitoa kalinzi, yaani alimpa chifu ng'ombe mbele ya mashahidi akapewa ardhi ya kurithisha watoto. Mwingine anakuja na karatasi. Nani aaminiwe? Karibu miaka 1,400 iliyopita, kesi ya hati kama hiyo ilifika mbele ya Harsha, mfalme wa kaskazini mwa India.

Harsha alizaliwa karibu mwaka 590, mtoto wa pili katika jamaa ya wafalme wa Thanesar. Kiti hakikuwa chake. Lakini baba alikufa kwa homa, shemeji akauawa vitani, kisha kaka yake Rajyavardhana naye akauawa kwa mkono wa Shashanka, mfalme wa Gauda. Mwaka 606 Harsha akashika utawala, kijana wa miaka kama 16. Dada yake Rajyashri alikuwa amekimbilia porini na alitaka kujitupa motoni. Harsha alimfikia mapema.

Alihamia Kannauj na kutawala nchi kubwa. Kusini alishindwa: Pulakeshin wa Pili alimzuia kwenye mto Narmada, na mwaka 634 mshairi Ravikirti akasifu ushindi huo katika maandishi ya jiwe huko Aihole. Harsha naye alikuwa na msifu wake, Bana.

Hata hati za ardhi zilianza na sifa. Zilichongwa kwenye bamba la shaba: kwanza mababu wa mfalme na ukubwa wao, kisha kijiji, kisha mtu anayekipokea bila kodi, yeye na uzao wake, muda wote mwezi na jua vitakapodumu. Wakulima waliambiwa tu wampelekee bwana mpya mavuno. Kuulizwa, hawakuulizwa.

Mwaka 631 ilijulikana kwamba kijiji cha Somakundaka kilishikwa na kuhani mmoja, Vamarathya, kwa hati ya kughushi. Harsha alivunja bamba lake, akamnyang'anya kijiji na kukigawia makuhani wengine wawili. Hati mpya ilitaja wazi udanganyifu wa ile ya kwanza, kusudi mtu asiifufue kesi.

Harsha alikufa mwaka 647 bila mrithi, na ufalme ukasambaratika. Bamba lile jipya lilikaa udongoni hadi mwaka 1888, jembe la mkulima lilipoligonga karibu na Madhuban.