Marehemu Byron Kawadwa na Wimbo wa Jogoo

Kijana wa Namuwongo akitaka kwenda kutazama wachekeshaji mjini, huvuka reli, akapita katikati ya viwanda, kisha akapanda mpaka Jumba la Michezo la Taifa, lililo karibu na Bunge. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959. Humo, miaka ya karibuni, kundi la Fun Factory limewafanya watu wacheke hata wakashika mbavu. Lakini wengi wetu tupitao mlangoni pale hatumjui mtu aliyelisimamia jumba hilo siku ambazo kicheko kilikuwa kitu cha hatari. Huyo ni marehemu Byron Kawadwa.

Siku za mwanzo jukwaa lile lilitawaliwa na vyama vya Wazungu waliocheza kwa kujifurahisha, na michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza. Kawadwa alitaka mama wa sokoni naye aingie, asikie lugha yake. Basi katika miaka ya 1960 aliunda kundi la Kampala City Players. Kama ilivyokuwa kwa vikundi vingi vya wakati ule, wachezaji walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, na jioni ndipo walipokutana kufanya mazoezi. Walicheza kwa Kiluganda, wakichanganya maneno, ngoma, nyimbo na mzaha, na watu wakajaa.

Mchezo wake uliojulikana kupita yote ni Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, wa mwaka 1971. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Ulikuwa mchezo wa ufalme na tamaa ya kutwaa kiti, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Walikumbuka mwaka 1966, askari wa Obote waliposhambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Obote alikuwa amekwisha kupinduliwa na Idi Amin mwezi wa Januari 1971, kwa hiyo kuwacheka waliopora kiti hakukuwa na hatari kubwa.

Miaka ikapita. Kawadwa akafanywa mkurugenzi wa Jumba la Taifa, na mapema mwaka 1977 mchezo ule ule ukachaguliwa kuiwakilisha Uganda katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika huko Lagos, Nijeria. Watu wa nchi nyingi waliutazama. Lakini sasa mtu aliyetwaa kiti kwa nguvu alikuwa Amin mwenyewe. Maneno ya mchezo yalikuwa yale yale. Aliyeguswa nayo ndiye aliyebadilika.

Aliporudi Kampala, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa Amin, akauawa. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa. Amin aliondolewa mwezi wa Aprili 1979, lakini sanaa ya Uganda ilikuwa imekwisha kupoteza mtu wake.

Wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba habari hii ni ya kale tu. Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu uhuru wa kusema na kutoa mawazo yake. Hata hivyo, mwezi wa Julai 2020, wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa sababu ya mchezo wao wa mzaha juu ya vyeo vya serikali. Wao waliachiliwa wakarudi kwao salama. Tofauti hiyo si ndogo, nasi tuishukuru, lakini tusilale.

Basi wewe unayejiandaa kwa mashindano ya mzaha shuleni, na ninyi wakubwa mliotutangulia, tumkumbuke Kawadwa kwa jambo hili moja. Mzaha ulioruhusiwa leo kwa kuwa unamgusa aliyeanguka bado haujawa huru. Utakuwa huru siku utakapomgusa aliye kitini, na mchekeshaji akalala nyumbani kwake.