Arthur Wharton, Kipa Mwafrika wa Kombe la Uingereza

Katika mpira wa ligi, timu iliyofungwa leo yaweza kulipa kisasi wiki ijayo. Kombe la mtoano halina huruma hiyo. Ukifungwa mara moja umetoka, na jina lako laondoka nawe. Sisi wa Mombasa tuliokua tukiwasikiliza wazee barazani wakizitaja Feisal na Liverpool, klabu zetu za zamani, twajua ubishi wa mpira ulivyo. Huulizwa nani alilichukua kombe, wala haulizwi nani alitolewa katika nusu fainali. Leo nataka kumtaja mmoja wa hao waliotolewa. Naona kumbukumbu za watu zilimdhulumu, naye alikuwa Mwafrika mwenzetu.

Jina lake ni Arthur Wharton. Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mtaa wa Jamestown mjini Accra, nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast na ambayo leo ni Ghana. Babake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Mamake, Annie Florence Egyriba, alikuwa na nasaba ya kifalme ya Wafante. Kijana huyu basi hakuwa mtoto wa hivi hivi, na jamaa zake walitaraji kwamba atakuwa mtu wa dini kama babake.

Ndiyo sababu alipelekwa Uingereza kusoma, na kufikia mwaka 1884 alikuwa katika chuo cha Cleveland mjini Darlington, kaskazini mwa nchi hiyo. Mimi niliyelelewa chuoni, mbele ya ubao na juzuu, naelewa jambo hilo lilikuwa na uzito gani kwa wazee wake. Mtoto akitolewa kwenda kutafuta elimu ya dini, nyumba nzima hungoja arudi nayo. Wharton hakurudi nayo. Alipenda kriketi, baiskeli, mbio na mpira, na kila alichokishika alikiweza.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na mbio. Tarehe 3 Julai 1886, katika mashindano ya ubingwa wa riadha kwenye uwanja wa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili. Hakuna aliyewahi kuandikiwa muda huo katika mashindano yale, na ukahesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Kombe alilokabidhiwa lilikuwa na jina la Prince Hassan, jina ambalo msomaji wa Pwani hahitaji kufasiriwa. Mwaka uliofuata alishindana tena, na ubingwa ukabaki mikononi mwake.

Wakati huo alikwisha kuonekana pia langoni. Alianza kama kipa wa Darlington, na katika mwaka huo huo wa 1886 akachukuliwa na Preston North End, timu iliyokuwa ikitetemesha Uingereza nzima. Msimamizi wake, William Sudell, alikuwa mtu wa viwanda vya pamba. Aliwaleta wachezaji hodari kutoka Scotland na kuwalipa, hata mwaka 1884 Preston ikatolewa mashindanoni kwa sababu hiyo. Mwaka 1885 chama cha mpira kiliruhusu malipo. Lakini Wharton alijiunga nao akiwa mchezaji wa ridhaa, maana mkimbiaji aliyepokea fedha hakuruhusiwa katika riadha.

Yafaa msomaji afahamu kombe lile lilikuwa nini. Ligi ilikuwa bado haijaanzishwa. Ilianza mwaka 1888. Kombe la FA, lililoanza kushindaniwa katika msimu wa 1871-72, ndilo lililokuwa shindano kubwa la Uingereza, na baadhi ya klabu za Scotland ziliingia pia. Lenyewe lilikuwa kikombe kidogo cha fedha kilichogharimu pauni 20. Kwa kikombe hicho miji ya viwanda ilifunga kazi Jumamosi mchana ili watu wakatazame mpira.

Kipa wa siku hizo naye hakuwa kama wa leo. Lango halikuwa na nyavu, na hapakuwa na penalti. Vyote viwili vilikuja mwaka 1891. Washambuliaji waliruhusiwa kumvamia kipa na kumsukuma hata kama mpira hauko mikononi mwake, na wengi walitoka uwanjani na mbavu zilizovunjika. Wharton alikuwa na njia zake. Alijikunyata kando ya mlingoti mpaka dakika ya mwisho, kisha akaruka kama paka na kuupiga mpira ngumi ukaenda mbali. Mtazamaji mmoja aliandika katika gazeti la Sheffield mwaka 1942 kwamba alimwona akirukia mwamba wa juu wa lango, akaning'inia, na kuudaka mpira kwa miguu yake miwili. Kipa wa namna hiyo hupendwa na umma, lakini waamuzi wa sifa humwita mchekeshaji.

Msimu wa 1886-87 ulianza kwa vumbi. Katika raundi ya kwanza Preston walikwenda Glasgow kucheza na Queen's Park, wakashinda 3-0. Jimmy Ross wa Preston alimchezea vibaya mmoja wa wenyeji, mashabiki wakaingia uwanjani, na ikabidi Ross atoroshwe kwa siri. Msimu ulipokwisha, chama cha mpira cha Scotland kiliamua kwamba klabu zake zisiingie tena katika kombe la majirani, na mlango ule ukafungwa.

Preston waliendelea kupanda. Miongoni mwa waliowatoa ni Old Carthusians, timu ya mabwana wa shule kubwa iliyokuwa imelichukua kombe hilo mwaka 1881. Wakafika nusu fainali, na kwa jinsi walivyokuwa wakicheza, wengi waliwahesabia kombe tangu kabla ya kulishika. Mwezi Machi 1887, mjini Nottingham, walikutana na West Bromwich Albion. Wakafungwa 3-1. Preston wenye wachezaji wa kulipwa, wenye sifa na majivuno, wakarudi nyumbani mikono mitupu. West Bromwich nao hawakufaidi. Tarehe 2 Aprili, kwenye uwanja wa Kennington Oval, London, walifungwa 2-0 na Aston Villa, waliokwisha kuwatoa Rangers wa Glasgow katika nusu fainali ya pili.

Hapo ndipo Wharton alipolikaribia kombe kuliko wakati wowote katika maisha yake. Wako walioona anastahili kuitwa timu ya taifa ya Uingereza, na baadhi ya waandishi wa michezo wakamkejeli kwa rangi yake. Hakuitwa hata mara moja. Mwaka 1888 akaondoka Preston na kufuata mbio za fedha. Msimu wa 1888-89, alipokuwa hayupo, Preston walishinda ligi ya kwanza bila kufungwa katika mechi 22, na wakalichukua Kombe la FA bila lango lao kuguswa hata kwa bao moja. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 1889 alijiunga na Rotherham Town kwa malipo, akawa miongoni mwa Weusi wa kwanza kabisa kulipwa kwa kucheza mpira. Mwaka 1894 alikwenda Sheffield United, lakini huko alimkuta William Foulke, kijana mwenye mwili mkubwa ambaye baadaye angekuwa kipa maarufu sana, na kwa hiyo Wharton akawa wa akiba. Hata hivyo alipata kucheza dhidi ya Sunderland mwaka 1895, na kwa mechi hiyo anahesabiwa kuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la kwanza la Uingereza. Kisha akahama kutoka klabu hadi klabu, mpaka alipoacha mpira mwaka 1902 akiwa Stockport County, umri ukikaribia miaka 37.

Wachezaji wa siku zile hawakuwa na akiba ya uzeeni. Wharton alijaribu biashara ya vilabu vya pombe, na wanaosimulia maisha yake wasema kwamba pombe hiyo ilimla yeye pia. Mwishowe alishuka mgodini. Kijana aliyetazamiwa kuhubiri, aliyekimbia kuliko mtu yeyote duniani, akawa mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe huko Edlington, karibu na Doncaster. Waswahili twasema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Huyu zizi lake lilikuwa Accra, ng'ambo ya bahari, wala hakulirejea. Alikufa tarehe 13 Desemba 1930, ana miaka 65, mgonjwa na fukara, akazikwa pale Edlington katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Kaburi lilibaki hivyo kwa miaka 67. Mwaka 1997 watu wa Sheffield waliokuwa wakipiga vita ubaguzi katika mpira walichangisha fedha, wakamwekea jiwe lenye jina lake. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya mashujaa wa mpira wa Uingereza, na mwaka 2014 sanamu yake ikasimamishwa St George's Park, mahali timu ya taifa ya nchi hiyo inapofanyia mazoezi. Timu isiyomwita akiwa hai sasa yampita kila iendapo mazoezini. Na lile kombe dogo alilolikosa? Liliibwa dukani mjini Birmingham mwaka 1895, likiwa mikononi mwa Aston Villa, wala halikupatikana mpaka leo.

Sisi Waislamu hatuna desturi ya masanamu, wala sisemi tuanze. Lakini kumtaja maiti kwa wema wake ni jambo tulilofundishwa tangu utotoni, na yule ambaye hakuna ajuaye habari zake hana wa kumtaja. Pwani yetu nayo ina makipa, mabeki na washambuliaji waliocheza peku na kwa viatu, wakalipwa chai na mkate. Wengi hawakuandikwa popote, na wale wachache waliobaki ni wazee wanaokaa barazani jioni. Msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani kwake na achukue daftari, amuulize alicheza wapi, na nani, mwaka gani, na walifungwa na nani. Aandike hata mechi walizotolewa.