Paul Mauser: fundi wa Oberndorf na mtambo wa bunduki ambao bado unaigwa

Mtu anapokwenda kwa fundi kuagiza bunduki maalumu ya kulenga shabaha, mara nyingi anafika akiwa na mawazo ya darubini na mtutu. Fundi mzoefu humrudisha nyuma kidogo. Swali lake la kwanza ni moja: utatumia mtambo gani?

Mtambo ndio moyo wa bunduki. Una sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni mwili wa chuma ambao mtutu hukazwa mbele yake kwa nyuzi kama za boliti. Ya pili ni komeo, linaloteleza ndani ya mwili huo. Komeo husukuma risasi ndani ya chemba na kuifunga kwa meno ya chuma. Ndani yake kuna pini inayopiga fataki iliyo nyuma ya risasi, na likivutwa hulitoa ganda tupu. Mtutu wa shabaha huchakaa baada ya maelfu ya risasi na kubadilishwa. Kitako nacho hubadilishwa. Mtambo hubaki.

Tukiuliza mitambo ya komeo ilitoka wapi, tunafika kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Paul Mauser. Tumeona tusimulie maisha yake kwa sababu maamuzi aliyoyafanya kwenye meza yake ya kazi ndiyo yale yale ambayo mnunuzi wa leo anatakiwa kuyafanya. Pia kazi yake ilifika hadi kwetu, na haikufika kwa heri.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto 13. Baba yake alikuwa fundi bunduki katika kiwanda cha mfalme, kilichowekwa ndani ya majengo yaliyokuwa zamani makao ya watawa. Watoto wa kiume wa nyumba ile walikulia kwenye harufu ya mafuta na chuma, na Paul aliingia kiwandani akiwa bado kijana.

Mwaka 1859 aliitwa jeshini na kupelekwa Ludwigsburg, kwenye ghala la silaha. Wakati huo bunduki iliyokuwa ikizungumzwa sana ni ya Dreyse, iliyotumiwa na jeshi la Prussia. Badala ya kujazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu kama gobore, ilijazwa kwa nyuma, hivyo askari angeweza kupiga haraka hata akiwa amelala chini. Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria na washirika wake, Württemberg ikiwemo, na sifa za bunduki hiyo zikaenea.

Lakini Dreyse ilikuwa na kasoro mbili. Risasi yake ilikuwa ya karatasi, hivyo gesi ya moto ilivuja nyuma kuelekea usoni kwa mpigaji. Tena pini yake, nyembamba na ndefu kama sindano, ilipenya baruti yote ili kufikia fataki, na ilivunjika mara kwa mara. Mauser alitaka risasi ya ganda la chuma, kwa sababu ganda hutanuka linapopigwa na kuziba gesi. Alitaka pia komeo ambalo, kwa kuzungushwa tu na mkono, linajikoki lenyewe. Askari asihitaji kukumbuka hatua ya ziada akiwa katikati ya hofu.

Alifanya kazi hiyo pamoja na kaka yake Wilhelm, aliyemzidi miaka minne. Paul alikuwa mtu wa tupa na jiliwa. Wilhelm alikuwa mtu wa safari, barua na mikataba. Walipotafuta mnunuzi walikutana na Samuel Norris, wakala wa kampuni ya Remington ya Marekani. Mwaka 1867 waliingia naye mkataba na kuhamia Liège, nchini Ubelgiji. Mwaka uliofuata hataza ya Marekani ilitolewa kwa majina ya Norris na ndugu hao wawili. Hata hivyo mpango ulikwama, na Paul akarudi Oberndorf mwishoni mwa 1869 bila utajiri wowote.

Bahati ilibadilika upesi. Bunduki yao ilijaribiwa katika shule ya shabaha ya Spandau, karibu na Berlin, na mwishoni mwa 1871 Prussia ikaipitisha kuwa silaha ya jeshi. Ikaitwa Model 71. Ila kazi ya kuitengeneza ilikwenda kwenye viwanda vya serikali, na ndugu hao walianza kwa kutengeneza vilengeo vyake tu. Mwaka 1874, kwa msaada wa benki moja ya Stuttgart, walinunua kiwanda kile kile ambacho baba yao alikuwa mfanyakazi. Wilhelm alifariki mwaka 1882, na Paul akabaki bila yule aliyekuwa mdomo wake kwa wanunuzi.

Hiyo Model 71 ndiyo Mauser ambayo wazee wetu waliijua kwanza. Ilikuwa silaha ya kawaida ya askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Ilipiga risasi moja moja, nene, ya milimita 11, na kutoa wingu la moshi. Katika vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, askari walioibeba, wakisaidiwa na bunduki za rashasha, walikabiliana na watu wenye mikuki, pinde na magobore. Ulaya ilikuwa imeshaiweka kando kama silaha ya zamani. Huku kwetu uzamani wake haukupunguza mauti.

Sababu ya kuwekwa kando ilikuwa baruti mpya. Mwaka 1886 Ufaransa ilileta bunduki ya Lebel, iliyotumia baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ilisukuma risasi ndogo kwa kasi kubwa zaidi, lakini pia ilileta shinikizo kubwa ndani ya chemba. Mtambo wa zamani, uliolishika komeo kwa nyuma, haukutosha tena. Tume ya jeshi la Ujerumani ikabuni bunduki yake ya mwaka 1888 bila kumpa Mauser kazi hiyo.

Kwa fundi mwenye jina kama lake, hilo lilikuwa pigo. Mauser aliamua kuwauzia wengine. Mwaka 1889 Ubelgiji ilichagua bunduki yake mpya, yenye komeo la meno mawili mbele kabisa, karibu na risasi, mahali shinikizo linapozaliwa. Baadaye zikaja dola ya Uthmaniya, Argentina, Hispania na Sweden. Bunduki ya Hispania ya mwaka 1893 ilikuwa na magazini iliyofichwa ndani ya kitako, risasi 5 zikipangwa kwa kupishana, na ilitumia risasi nyembamba ya milimita 7. Mwaka 1898 Wamarekani walikutana nayo nchini Cuba wakapata hasara. Walipotengeneza bunduki yao ya Springfield ya 1903 walifuata mawazo yake mengi kiasi kwamba serikali yao ilimlipa Mauser dola 200,000 kwa kutumia hataza zake.

Mwaka huo huo wa 1898, Ujerumani ilirudi kwake. Tarehe 5 Aprili ilipitisha Model 98, na huo ndio mtambo uliomweka kwenye historia.

Tuuangalie kwa karibu. Meno mawili ya mbele yalibaki, lakini aliongeza jino la tatu nyuma ya komeo. Jino hilo halibebi mzigo siku za kawaida. Linasubiri siku ambayo mawili ya mbele yatavunjika. Aliongeza unene wa sehemu inayoshika mtutu, kutoka kama milimita 33 hadi karibu 36. Alitoboa matundu kwenye komeo ili fataki ikipasuka au ganda likichanika, gesi ipite pembeni, na nyuma ya komeo akaweka ukingo mpana wa kuizuia isifike jichoni. Aliendelea kutumia ukucha mrefu unaolikamata ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, ili isipotee njiani wala risasi mbili zisigombanie chemba.

Tukijumlisha yote hayo tunaona Mauser alikuwa akijiuliza kitu gani kitaharibika, na kikiharibika nani ataumia. Tunadhani hapo ndipo mtu anayechagua mtambo anapaswa kuanzia, kabla ya kuuliza bei au jina.

Jambo la kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe hakusalimika. Alikuwa akihangaika kubuni bunduki inayojijaza yenyewe. Mwaka 1901, katika majaribio, risasi ililipuka kabla mtambo haujafunga sawasawa, na akapoteza jicho moja. Aliendelea na kazi. Kati ya 1898 na 1903 alikuwa pia mbunge katika bunge la Ujerumani, na mwaka 1912 alipewa hadhi ya uungwana wa kifalme. Alifariki Oberndorf tarehe 29 Mei 1914, akiwa na umri wa miaka 75.

Miezi miwili baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na mamilioni ya vijana wa Kijerumani walikwenda nayo vitani. Mwezi Novemba 1914 vita ilifika Tanga, ambako jeshi kubwa lililotoka India chini ya Waingereza lilishindwa na kikosi kidogo cha Wajerumani. Askari wengi wa kikosi hicho walikuwa bado na ile Model 71, na moshi wake uliwaonyesha walipojificha. Waingereza walipoondoka waliacha nyuma bunduki na risasi nyingi, ambazo Wajerumani waliziokota na kuzitumia.

Uganda nayo ina kumbukumbu yake. Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya uwindaji wake Karamoja, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 iliyojengwa na Rigby wa London juu ya mtambo wa Mauser. Wapenzi wa bunduki huitaja habari hiyo kama ushahidi wa shabaha yake. Sisi tunaisoma pia tukiwahesabu tembo.

Sasa, je, mtu anayejenga bunduki ya shabaha leo achukue Mauser 98? Mara nyingi jibu ni hapana, na si kwa ubaya wake. Mtambo ule ulitengenezwa kwa ajili ya matope ya vitani. Komeo lake lina nafasi kidogo ya kucheza ili mchanga usilikwamishe. Mwili wake una uwazi mkubwa juu na chini kwa ajili ya klipu na magazini, na chuma kilichotobolewa sana hujipinda kwa urahisi zaidi. Pini yake ni nzito na husafiri mbali, na katika muda huo mfupi mkono wa mlengaji unaweza kutikisika.

Ndiyo maana walenga shabaha wengi hufuata umbo la Remington 700 ya mwaka 1962. Mwili wake ni wa mviringo, hukerezwa kwa urahisi na kukaa vizuri kwenye kitako, na pini yake hupiga haraka. Viwanda vingi vidogo hutengeneza mitambo yao kwa vipimo vyake, ili vitako na vifyatulio vilivyopo sokoni viingie bila kuchongwa upya. Meno mawili ya mbele, hata hivyo, bado ni mfano ule ule wa Oberndorf.

Kwa mwindaji wa wanyama wakali hesabu ni nyingine. Yeye hahitaji tundu dogo kwenye karatasi bali risasi ya pili iingie bila kusita, na hapo ukucha wa Mauser bado unaheshimiwa. Lakini anayenunua mtambo mkuukuu ajue anachonunua. Mitambo ya kabla ya 1898 haina jino la tatu wala kinga ile ya gesi, hivyo haifai kwa risasi za kisasa zenye nguvu. Hata ya 1898 ikaguliwe kwanza na fundi, hasa nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda. Ikizidi, ganda huweza kupasuka.

Paul Mauser alitumia maisha yake kumlinda mtu aliyeko nyuma ya bunduki, na alilipia kazi hiyo kwa jicho lake. Waliosimama mbele ya bunduki hiyo, wakiwemo babu zetu wa Maji Maji, hawakuwa na fundi wa kuwafikiria. Anayechagua mtambo leo kwa ajili ya mashindano ya shabaha anafaidi akili ya fundi huyo, na ni vizuri ajue pia akili hiyo ilipita wapi kabla ya kumfikia.